Vileja na Makohozi

Kama wiki hii umekabidhiwa kikopo chenye mfuniko ukaambiwa ukohoe ndani yake, maneno haya nimekuandikia wewe. Mimi nimemaliza dawa. Nimenenepa kidogo, ninafundisha tena, na ninapanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Ugonjwa wenyewe sitakueleza, wapo walioajiriwa kwa kazi hiyo. Nitakueleza jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu yeyote, nalo ni kinyaa: kinyaa chako juu ya mwili wako, na kinyaa cha watu juu yako. Mimi kilinitesa kuliko kikohozi.

Jina langu Shabani. Nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari upande wa Msalato, nje ya mji wa Dodoma. Nilianza kukohoa mvua zikiwa bado zinanyesha, nikasingizia chaki. Mvua zilipokatika nikasingizia vumbi la malori ya kokoto yanayopita mbele ya shule. Wanafunzi wa mstari wa mbele walianza kusogeza madawati yao nyuma, siku hadi siku, mpaka nikawa nafundisha nikiwa na uwanja mzima mbele yangu. Nilijifanya sioni.

Aliyenipeleka kupima ni mke wangu, Hadija. Asubuhi moja alishika fulana niliyolalia, ilikuwa imelowa kama iliyotoka kufuliwa. Akainusa, akageuza uso, akaitupia kwenye beseni.

"Baba Nuru," akasema, "leo huendi kazini. Tunakwenda kupima kifua."

Nuru ni binti yetu, ana miaka tisa. Siku hiyo tulimwacha kwa jirani.

Kitengo cha kifua kikuu kilikuwa nyuma ya majengo mengine ya hospitali, mahali penye upepo. Benchi la kusubiria lilikuwa nje, chini ya bati. Waliokaa pale hawakutazamana. Kila mmoja alikuwa na kikopo chake mkononi na kila mmoja alikuwa amekificha, huyu kwa khanga, huyu kwa mfuko wa koti. Mzee mmoja tu, mfugaji aliyetoka mbali, hakuona sababu ya kuficha. Aliweka chake juu ya goti, akafungua, akachungulia ndani kama mtu anayetazama kama chai imekolea. Nami nikaona. Yalikuwa makohozi mazito ya kijani, yamepitiwa na uzi wa damu, kama yai lililooza likavunjwa. Nikainuka nikakaa mwisho wa benchi, mbali naye.

Haukupita muda nikaitwa, nikaambiwa niende nyuma ya ukuta nikohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Nikakohoa. Nikachungulia. Yalikuwa yale yale.

Majibu yalipotoka, nesi wa kitengo kile alitukalisha wote wawili. Ni mama wa Kigogo, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, wagonjwa tulimwita Sista Yudita. Alinionyesha vidonge vya rangi ya matofali, akaeleza kwamba ningevimeza kila siku kwa miezi sita, na kwamba Hadija angekuwa shahidi kila ninapovimeza. Kisha akamgeukia Hadija.

"Mama, fungua madirisha, hewa ipite. Yeye akikohoa azibe mdomo. Lakini vyombo msitenge. Ugonjwa huu unapita kwenye hewa. Vikombe na sahani havina kesi."

"Sawa, sista," Hadija akajibu.

Yeye alipimwa siku hiyo hiyo na Nuru baadaye, wote wakaonekana salama. Tukarudi nyumbani. Kesho yake nilikuta nina kikombe changu cha bati cha kijani, sahani yangu, kijiko changu, vyote kwenye rafu ya peke yake, vimefunikwa kitambaa. Nilihamishiwa sebuleni kwenye godoro karibu na dirisha, kikopo cha kutemea makohozi pembeni, na Nuru akahamia kwa mama yake. Alipotoka shule alikuwa ananisalimia kutoka mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo."

"Mama kasema nikaoge kwanza."

Akishaoga hakurudi.

Wiki za mwanzo sizikumbuki vizuri. Homa ilikuwa inapanda kila alasiri kama iliyopangiwa kipindi. Nakumbuka zaidi vitu vya mwili, na ninaviandika hapa ili vikikufika usidhani unakufa. Vile vidonge vilifanya mkojo wangu uwe mwekundu kama juisi ya choya. Machozi yalitia doa kwenye mto. Jasho lilinuka dawa, na godoro likanuka jasho, na mimi nikanuka godoro. Mbavu zilitokeza. Makalio yaliisha, nikawa nakaa juu ya mifupa. Siku moja nilijitazama kwenye kioo cha kabati, nikaona shingo nyembamba inameza mate, nikafunga kabati. Nilitamani kumwomba mtu anitoe ndani ya ngozi ile, nipewe nyingine, hata ya mbwa.

Chakula kilinichukiza. Nikisikia dagaa wanakaangwa nyumba ya tatu, nafunga dirisha ambalo niliambiwa nisilifunge. Lakini kilichonishinda kabisa ni mlenda. Sisi wa Dodoma tumekulia mlenda, mbichi na wa kukausha. Hadija alinipikia siku moja, mlaini, wa karanga, kwa upendo wote, akauweka mbele yangu na ugali wa uwele. Nikachovya tonge nikaliinua. Mlenda ukavutika, kamba ndefu ya kijani kutoka bakulini hadi mkononi, haikatiki. Nilikitazama kile kitu nikaona kikopo cha yule mzee. Nikatapika palepale, juu ya mkeka, juu ya mlenda wenyewe.

Hadija alisimama akinitazama. Hakusema pole. Akaenda kuleta tambara.

Mwezi wa pili homa iliacha. Ulikuwa wakati wa ule upepo wa kipupwe, unaopiga bati mchana kutwa na kuingiza mchanga hata ndani ya sukari. Kikohozi kilibaki kidogo, kikavu. Na siku moja, nikiwa peke yangu nyumbani, Hadija yupo kwenye genge lake la mboga na Nuru shuleni, nikasikia njaa. Njaa yenyewe ilichagua. Nilitaka kitu kikavu, kinachovunjika mdomoni kikawa unga, kisichovutika wala kuteleza. Nikajua mara moja kinachotakiwa ni nini. Ni vileja.

Kwa asiyevijua, vileja ni biskuti za unga wa mchele, samli, sukari na iliki. Kwetu Kondoa vilikuwa biskuti za sikukuu. Nimeishi miaka mingi nikiwaambia watu kwamba sijala kitu kitamu kama vileja vya nyumbani kwetu. Wanafunzi wangu wanajua. Hadija anajua, alijaribu mara mbili kunipikia tulipooana.

Nikampigia simu dada Salima. Ni binti wa shangazi yangu, amenizidi miaka minne, na ndiye pekee wa utoto wangu aliyebaki Kondoa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kifua kinaendeleaje?"

"Kinashuka. Dada, nataka kupika vileja. Nipe vipimo."

"Vipi? Vya mama?"

"Vya nyumbani," nikasema.

"Ndiyo. Vya mama," akasema, akanitajia vipimo. Vikombe vitatu vya unga, kimoja cha samli, sukari isagwe, iliki itwangwe siku ile ile, yai moja tu. Ukande mpaka ukifinya ushikane na ukigusa ubomoke. Moto juu na chini, wa chini uwe mdogo. Kisha akasema ana wageni, akakata simu.

Unga wa mchele ulikuwepo ndani na samli iliyotoka kwa wafugaji wa Kondoa ilikuwepo, Hadija ananihifadhia. Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mara mbili, ingawa nyumba haikuwa na mtu wa kuniona. Nikakanda. Kwa udhaifu nikalazimika kupumzika kila baada ya viganja vichache. Nikaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, juu yake sinia lenye vileja, nikafunika, nikapanga makaa kwenye mfuniko. Nikakaa kwenye kigoda.

Harufu ilipotoka, iliki kwanza kisha samli, nilifumba macho kama mtu anayengoja kuletewa utoto wake. Ulikuja. Lakini nilichokiona si sikukuu. Nilijiona nimesimama chooni.

Nieleze vizuri. Nyumba yetu ya Kondoa ilikuwa na ua mkubwa. Mbele vyumba vya baba, mama na sisi watoto. Nyuma, jirani na choo, chumba kimoja kidogo. Shangazi Mwajuma, dada yake baba, alikuwa ameolewa kijijini Kolo. Mumewe alimrudisha kwetu kwa sababu alikuwa anakohoa damu. Akaja na Salima na bunda moja la nguo. Mama akampa kile chumba cha nyuma.

Alikuwa na kifua kikuu, ingawa neno hilo halikutamkwa. Walisema "anaumwa". Sisi watoto tulisema zaidi. Akipita uani, mwembamba, amejifunga khanga mdomoni, tulitema mate chini, mmoja baada ya mwingine, kama mchezo. Mama alituona na hakutukataza.

Zilikuwepo siku shangazi alipata nguvu. Siku hizo alipika vileja. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pake tangu asubuhi, akikanda, akikohoa pembeni, akikanda tena. Adhuhuri alimtuma Salima kuleta sahani mbele, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa. Mama aliipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante wifi, Mungu akuzidishie afya," alisema kwa sauti, ili isikike hadi nyuma.

Kisha mlango wa shangazi ukifungwa, aliniita. Nilikuwa na miaka minane.

"Shabani, chukua hii, kavitupe chooni. Vyote. Usithubutu hata kulamba kidole."

Nami nilikwenda. Nilifunga mlango wa bati, nikasimama juu ya tundu. Nzi walikuwa wananitua mdomoni. Kulikuwa na joto na ile harufu inayouma macho. Na mkononi nilikuwa na sahani ya vileja vya moto bado, vya rangi ya dhahabu, kila kimoja na alama ya kidole katikati. Nilikula viwili. Nilivila harakaharaka, pua nimeiziba kwa mkono mwingine, nikimeza kabla sijatafuna sawasawa. Vilivyobaki nikavimwaga tunduni. Nikajifuta mdomo, nikarudisha sahani, mama akaimwagia maji ya moto.

Ikawa hivyo kila shangazi alipopika. Mara saba au nane, sijui. Hivyo ndivyo vileja vya nyumbani kwetu nilivyokuwa nawasifia wanafunzi. Utamu wake wote niliujua nikiwa nimesimama juu ya mavi. Nilikuwa nimeusahau ule mlango wa bati, nikabaki na samli na iliki peke yake, na kwa miaka zaidi ya thelathini sikuwahi kujiuliza nilikuwa navilia wapi.

Shangazi alifariki kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata.

Nilitoa sinia. Nikala kimoja kikiwa cha moto. Kilikuwa kitamu vilevile, na hilo ndilo lililonikera. Nilitarajia kinishinde, kikwame, kinitapishe kama mlenda. Hakikunitapisha. Nikala cha pili huku nikijitazama vidole na kujichukia.

Vilitoka arobaini na kitu. Nikaviweka kwenye kopo. Hadija aliporudi nilimpa, akachukua vinne kwenye sahani, akasema, "Kumbe unaweza," akaingia navyo ndani. Nikampa Nuru vitatu. Akamtazama mama yake kabla ya kupokea. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kliniki, nikamchukulia Sista Yudita kumi ndani ya mfuko, nikamwambia nimepika mwenyewe. Sikumtazama nilipokuwa nampa, nilijua mtu anapokeaje kitu ambacho atakitupa. Yeye akafungua mfuko palepale, mbele ya benchi zima la wagonjwa, akatafuna kimoja huku anaandika kwenye kadi yangu.

"Samli imezidi," akasema mdomo ukiwa umejaa. Akala cha pili. "Mwezi ujao punguza samli."

Sijui kama anajua alichonifanyia. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepona.

Siku mbili baadaye nilipeleka takataka kwenye shimo nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani walikuwa wamekusanyika humo, wananyang'anyana kitu. Nikawafukuza. Chini ya maganda ya viazi na majani ya chai vilikuwepo vileja. Vingine vimedonolewa nusu, vingine vizima, vimelowa maji machafu, vimevimba. Nilivihesabu. Vilikuwa vyote saba.

Nilimkuta Hadija jikoni anakata mchicha.

"Vile vileja ulikula?" nikamuuliza.

"Nilikula."

"Nimewakuta kuku wa jirani wanavila shimoni."

Akaweka kisu chini. Hakutafuta maneno. "Nilivitupa."

"Na vya mtoto?"

"Na vya mtoto."

"Sista alisema mbele yako. Alisema vyombo havina kesi, ugonjwa unapita kwenye hewa. Dawa ninakunywa mwezi wa pili sasa, unanishuhudia mwenyewe."

"Nilimsikia. Kichwa changu kimemwelewa," Hadija akasema. "Tumbo halijamwelewa. Nilikiweka mdomoni, Baba Nuru, nikaona mikono yako inakanda, nikaona kile kikopo, nikakitema. Nifanyeje?"

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia kwamba hana tofauti na mama yangu, na yeye hakujua nazungumzia nini. Nilimwambia kwamba mke anayemwonea mumewe kinyaa si mke. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini:

"Zile wiki za mwanzo, ulipokuwa hujitambui kwa homa. Kikopo chako ulikuwa unakikuta kimejaa asubuhi?"

"Hapana."

"Ulikuwa unakikuta vipi?"

"Kisafi."

"Nani alikuwa anakisafisha?"

Sikuwahi kujiuliza. Kila siku nilifungua macho, kikopo kikiwa pembeni ya godoro, kimeoshwa, kina majivu kidogo chini, nami nikakijaza tena.

"Mara ya kwanza nilitapika juu ya miguu yangu mwenyewe," Hadija akasema. "Mara ya pili pia. Nilijifunga khanga puani, haikusaidia. Nilimwaga, nikamimina maji ya moto, nikasugua kwa majivu, nikanawa, nikaja kukupikia uji. Kila siku. Shuka zako nilizifua kwa mikono hii. Na yale matapishi ya mlenda nani aliyazoa? Sasa unataka nikwambie kwamba sioni kinyaa? Naona. Nakionea kinyaa kikombe chako, na godoro lako, na wewe kuna siku nakuonea. Lakini nipo. Kaka zako wanapiga simu kila Ijumaa wanakwambia wewe ni damu yao. Nani kati yao ameshawahi kukanyaga hapa?"

Hakuna. Nilijua kwamba hakuna.

Tulisimama pale jikoni. Ningependa kukuandikia kwamba tulipatana, lakini nilikuwa nimeumia, na yeye alikuwa amechoka. Nilichoweza kusema ni hiki: "Kuanzia leo nitakisafisha mwenyewe."

"Siku hizi huna hata makohozi ya kusafisha," akasema, akachukua kisu, akaendelea na mchicha.

Ndugu yangu uliye na kikopo, nimefikiria sana siku ile. Nilikuwa nadhani anayekupenda hawezi kukuonea kinyaa. Si kweli. Kinyaa kiko tumboni, hakiulizwi. Hadija alikuwa na kinyaa na mikono yake ikafanya kazi. Wapo wengine hawana kinyaa kabisa, kwa sababu wako mbali. Ukiwa mgonjwa usihesabu nani anakunja uso. Tazama nani anabeba beseni. Na wewe mwenyewe, ukipata nguvu ya kubeba beseni lako, libebe siku hiyo hiyo, usingoje uambiwe.

Lakini mimi nilibaki na swali jingine, na lilikaa na mimi miezi yote minne iliyobaki, upepo ukakata, zabibu zikavunwa, joto likaja, watu wakaanza kusafisha mashamba kungoja mvua. Shangazi Mwajuma naye alikuwa na kopo. Nalikumbuka, kopo la maziwa ya unga, kwenye kizingiti chake. Mama hakuligusa. Baba hakuligusa. Nani alikuwa analimwaga?

Nilimaliza dawa. Vipimo vya mwisho vilikuwa safi. Sista Yudita alinipa mkono. Wiki iliyofuata nilipanda basi la Kondoa.

Dada Salima anaishi nje kidogo ya mji, mume wake ni fundi wa baiskeli na pikipiki. Nilimkuta uani anapepeta alizeti. Amekuwa mama mtu mzima, amejaa, lakini akiinama anafanana na shangazi mgongoni. Alinitazama juu hadi chini.

"Umenenepa," akasema. "Vileja uliviweza?"

"Samli ilizidi."

Akacheka kidogo, akanivutia kigoda. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na yote yalipotea. Nikaanza tu. Nikamwambia mama alikuwa ananipa sahani, nami nilikuwa navitupa chooni. Aliendelea kupepeta. Nilipomaliza akatikisa ungo, akapuliza makapi.

"Tulikuwa tunajua," akasema. "Chumba chetu na choo ni ukuta mmoja. Vikidondoka vilikuwa vinasikika. Tubwi. Tubwi. Mama yangu alikuwa analala upande ule."

Akaongeza alizeti kwenye ungo.

"Alikuwa anahesabu," Salima akaendelea. "Alijua ametoa vingapi. Siku moja akaniambia, viwili havijadondoka. Na siku nyingine tena, viwili. Akafurahi. Aliamini unavificha mfukoni unakwenda kuvila huko nje na wenzako. Ndiyo maana aliendelea kupika. Alikuwa anapikia hivyo viwili."

Ningeweza kumwacha na hilo. Lilikuwa jambo zuri la kubaki nalo. Lakini nilikuwa nimesafiri ili niseme kweli.

"Sikuvipeleka nje," nikamwambia. "Nilivila mle mle chooni."

Ungo ukasimama. "Chooni?"

"Nimesimama pale juu ya tundu. Nilikuwa naogopa mama asinione."

Salima akanitazama, uso ukamkunjamana polepole, pua, midomo, kila kitu. "Mchafu wewe," akasema. Akatema mate pembeni, si kwa dharau, bali kwa sababu yalimjaa.

Nikamuuliza nani alikuwa anamwaga kopo la shangazi.

"Unadhani nani?" akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Na hapakuwa na mtu wa kuniambia ninawe."

"Dada, nimekuja kuomba—"

"Usiniombe," akanikata. "Wewe ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa mtoto. Mama yako ndiye hakuwa mtoto, naye amekufa. Sina wa kumsamehe." Akainuka, akakung'uta khanga. "Nimepika. Nawa mikono."

Alinimiminia maji mwenyewe, akaleta ugali na kuku wa kienyeji kwenye sinia moja, tukakaa mkekani. Nilidhani nisingeweza kupitisha hata tonge moja. Lakini mwili uliotoka kwenye ugonjwa ule hauna haya. Ulikuwa na njaa. Nilikula, nikamaliza upande wangu, nikavuka nikala upande wake, mchuzi ukanichuruzika hadi kwenye kiwiko, na yeye akiwa ameacha kula ananitazama. Nilijionea kinyaa kwa jinsi nilivyokuwa nakula. Nikaomba tena mchuzi, akaniongezea.